Uzi: Sikukuu ya Mtakatifu Patrick na watoto wa chekechea, mnawafanyisha nini darasani? Na kwa nini kila kitu kijani?

#1 · Mama Tumaini
Wakuu habari zenu. Nafanya kazi chekechea hapa Limerick, Ireland, watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Wiki ijayo ni ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ireland, na kiongozi wa darasa amenikabidhi meza ya kazi za mikono. Nimezunguka mtandaoni nikakusanya vitu: mtego wa kumnasa leprechaun (kile kizee kifupi chenye chungu cha dhahabu), nyoka wa sahani ya karatasi, kofia za kijani, upinde wa mvua wa pamba na karatasi. Kumwonyesha mwenzangu Mwairishi, akacheka, akasema nusu ya hivyo ni vya Marekani.

Sasa walio na watoto kwenye shule za huku, wanafanya nini hasa? Na nani anajua kwa nini lazima kijani? Watoto wa miaka minne wana "kwa nini" zisizoisha, sitaki waniumbue.

#2 · Mpenda Ubishi
Kijani kwa sababu mvua hainyeshi ikakoma, kisiwa kizima ni majani. Jibu limepatikana, funga uzi.

#3 · Dar hadi Dublin
Usifunge, ndio kwanza tunaketi.

Mama Tumaini, kwanza tarehe. 17 Machi yenyewe hakuna shule, ni sikukuu ya kisheria tangu 1903. Kwa hiyo mambo ya darasani hufanyika siku ya mwisho ya masomo kabla yake. Na kwa shule za msingi si siku moja, kuna Seachtain na Gaeilge, "wiki" ya lugha ya Kiairishi ambayo kwa hesabu zao inaanza 1 Machi na kuishia 17. Wiki ya siku kumi na saba, mjue wenyewe.

Wangu yuko darasa la kwanza kabisa, naíonáin bheaga. Anachorudi nacho nyumbani: salamu za Kiairishi, wimbo mmoja au miwili, beji ya kijani, nyeupe na chungwa ya kubandika kifuani, na ngoma za pamoja wanazoziita céilí. Wadogo huanza na ile ya wawili wawili, Shoe the Donkey, wakubwa wanapelekwa kwenye Walls of Limerick. Upo Limerick halafu hujaicheza? Siku ya mavazi wengi wanavaa jezi ya kaunti. Mtego wa leprechaun shuleni kwao sijawahi kuusikia.

Na kuna sentensi moja ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni, "An bhfuil cead agam dul go dtí an leithreas?" Muulize Mwairishi yeyote mtu mzima, Kiairishi chote kimemtoka lakini hiyo anayo.

#4 · Shangazi Boston
Mtego nimeuona kwa macho yangu, ni wa huku kwetu. Watoto wanaleta boksi la viatu, wanalifunika karatasi ya kijani, wanaweka ngazi ya vijiti vya aiskrimu na sarafu za chokoleti juu. Usiku mwalimu anapindua viti, anachora nyayo ndogo za rangi ya kijani mezani. Asubuhi darasa zima ni vurugu. Mwanangu alilala na soksi mkononi akisema atamziba mdomo akipita.

Msidharau lakini. Mwalimu wake aliufanya somo: chora kwanza mtego wako, pima urefu, jaribu kwa kidoli, ukianguka tengeneza tena. Mtoto wa miaka mitano anajifunza kubuni bila kuambiwa anajifunza.

Nisichokipenda ni ile ya kufinyana. Huku usipovaa kijani siku hiyo wenzako wanakufinya. Nilimvalisha bluu kwa kutojua mila yao, akarudi analia.

#5 · Mpenda Ubishi
@Shangazi Boston kwa hiyo mwalimu anawadanganya watoto usiku halafu asubuhi anawapa alama kwa kuamini?

#6 · Shangazi Boston
Na wewe zimwi uliloambiwa litakula watoto wasiolala, nani alikupa alama? 😂

#7 · Mwalimu wa Vidudu
Ngoja nivute kiti, hapa ndipo kwangu. Nimefundisha vidudu Morogoro kabla ya kustaafu. Sherehe za nchi nyingine zilikuwa zinatujia kupitia watoto wenyewe, mzazi wa mradi huyu, mzazi wa ubalozi ule. Nilichoshika ni hiki: kabla ya kuuliza "tunasherehekea nini", uliza mikono ya hao watoto inaweza nini. Wa miaka mitatu hakati duara kwa mkasi. Ukimpa sahani ya karatasi akate nyoka wa mzunguko, utakata wewe nyoka ishirini na yeye atakaa anakutazama.

Mpe pilipili hoho. Ikate kwa upana, si kwa urefu. Chagua yenye vyumba vitatu, ukiichovya kwenye rangi na kuigandamiza kwenye karatasi inatoa majani matatu yaliyoungana, karibu kabisa na lile jani lao, shamrock. Shina anachora mwenyewe kwa kidole. Kazi imeisha na mtoto amefanya yeye, si msaidizi.

Na usimpe rangi ya kijani iliyo tayari. Mpe njano na bluu, achanganye. Atapiga kelele atakapoiona inageuka. "Kwa nini kijani" utakuwa umeijibu kwa namna yake.

#8 · Mama Tumaini
Mwalimu wewe ni hazina. Pilipili hoho naenda nazo. Vipi zikiwa na vyumba vinne?

#9 · Daktari wa Magugu
Zenye vinne achana nazo. Watu wengi wanachanganya hapa, hata kwenye kadi za dukani. Jani la sikukuu hii, shamrock, ni la vipande VITATU. Lile la vinne ni la bahati, habari nyingine kabisa, halimhusu Patrick.

Ila ukiniuliza shamrock ni mmea gani, tutakesha. Mwaka 1893 Nathaniel Colgan aliomba watu wa kaunti mbalimbali wamtumie walichokiita shamrock ya kweli, akaiotesha mpaka ichanue. Yakatokea mimea tofauti tofauti, nyingi zikiwa klova ndogo ya maua ya njano, Trifolium dubium, na ile klova nyeupe. Karibu miaka mia baadaye, 1988, uchunguzi ukarudiwa na hadithi ikawa ile ile. Kila mtu ana hakika na hawakubaliani.

#10 · Kaole
Na hadithi ya kufundishia Utatu kwa jani hilo je? Baba, Mwana, Roho, shina moja. Padri wetu aliihubiri.

#11 · Daktari wa Magugu
@Kaole nzuri kuhubiri, lakini maandishi ya Patrick mwenyewe hayana jani hata moja. Ameacha maandishi mawili, Confessio (ungamo la maisha yake) na barua kwa askari wa mtawala mmoja, Coroticus. Hadithi ya jani inaonekana kwenye maandishi karne ya 18, Threlkeld mwaka 1726. Kati ya Patrick wa karne ya 5 na hapo kuna zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili.

#12 · Kobe Mzee
Kutoandikwa si kutokuwepo. Bibi yangu hakuandika kitu na alisema mengi.

#13 · Daktari wa Magugu
Nakubali Mzee. Ila bibi yako tunaye shahidi, wewe.

#14 · Mpenda Ubishi
Turudi kwenye rangi. Mmenipuuza.

#15 · Dar hadi Dublin
Hukupuuzwa, ulijibu kwa mkato. Wengi hapa Dublin watakuambia rangi ya Patrick ilikuwa BLUU. Mwaka 1783 ilianzishwa nishani ya mashujaa kwa jina lake na rangi yake ilikuwa bluu. Hadi leo bendera ya Rais wa Ireland ni kinubi cha dhahabu juu ya bluu. Kijani kikapata nguvu na wanamapinduzi wa 1798, United Irishmen, walioivaa kama alama ya kuupinga utawala wa Uingereza. Shangazi, mwanao alikuwa sahihi kuliko waliomfinya.

#16 · Kobe Mzee
Kijani na kinubi vilikuwepo kabla ya 1798. Kamanda wa Kiairishi Owen Roe O'Neill alipandisha bendera ya kijani yenye kinubi miaka ya 1640. Sasa tuseme nani alianza?

#17 · Mpenda Ubishi
Mvua ilianza.

#18 · Binti Muscat
Salaam. Mimi nipo Muscat ila dada yangu yuko Galway, wanawe Waislamu na wapo shule ya Kikatoliki kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Kila Machi ananipigia: watoto waende au wabaki nyumbani? Ni mtakatifu wa watu, si sikukuu yetu. Na miaka hii mitatu hivi 17 Machi imeangukia ndani ya Ramadhani, halafu wanarudi na mifuko ya peremende. Mlioko huko mnafanyaje?

#19 · Dar hadi Dublin
Binti, shule nyingi za msingi huku ziko chini ya Kanisa, hilo kweli. Lakini Katiba yao, ibara ya 44, inampa mtoto haki ya kusoma shule inayopata fedha za serikali bila kuhudhuria mafundisho ya dini. Mzazi anaongea na mwalimu, mtoto hakai kwenye misa, anabaki kwenye ngoma, jezi na lugha. Zipo pia shule za Educate Together zisizofungamana na dini yoyote, pale sikukuu inafanywa kama ya taifa.

Peremende zina sababu. 17 Machi inaangukia Kwaresima, na watoto wengi wa Kikatoliki wameacha pipi. Siku ya Patrick wanaruhusiwa kufungua. Mfungo wao una mapumziko katikati, waambie wa dada yako wasijaribu kuiga. 😄

#20 · Binti Muscat
Hahaha nitamfikishia. Ila bado, mtoto akiimba "Patrick mtakatifu" kwenye jukwaa, ni utamaduni au ni dini? Dada anasema utamaduni, mumewe anasema dini. Wimbo ni mmoja.

#21 · Kobe Mzee
Wote wawili wanaweza kuwa sahihi na mtoto akaimba vizuri tu.

#22 · Mpenda Ubishi
Hilo si jibu Mzee, ni kupatanisha wanandoa.

#23 · Kaole
Mimi nina dukuduku jingine, na ni zito kidogo. Mmeongelea kofia na pilipili hoho, hakuna aliyemtaja Patrick mwenyewe. Huyu alikuwa MTUMWA. Kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa na miaka kama kumi na sita alipotekwa na maharamia kutoka Ireland, akapelekwa kuchunga mifugo miaka sita, akatoroka kwa jahazi, akarudi baadaye akiwa askofu. Barua yake kwa watu wa Coroticus ni ya hasira kwa sababu waliwateka Wakristo aliowabatiza, wengine wangali na mavazi meupe ya ubatizo, wakawauza. Miaka ile kuandika vile dhidi ya wateka watu si jambo dogo.

Sisi wa Bagamoyo tunapita mbele ya Caravan Serai, ile nyumba ya misafara ya zamani ya pembe na watumwa, tukienda sokoni. Mtoto wa kwetu anauliza hiyo nyumba ni ya nini na unajibu. Inakuwaje huko hadithi ya mtumwa inageuka kuwa kizee cha dhahabu na kofia?

#24 · Mama Tumaini
@Kaole umenigusa. Mwenzangu darasani huwa anasimulia kidogo: "Palikuwa na mvulana aliyechukuliwa mbali na mama yake, akawa anachunga kondoo peke yake kwenye baridi." Neno mtumwa halitamki. Watoto wananyamaza kabisa pale penye mama yake. Mmoja aliuliza kama mama alimtafuta.

#25 · Mwalimu wa Vidudu
Hapo ndipo pa kusimama. Kwa umri huo tosha: mvulana, mbali na kwao, kondoo, baridi, akarudi kwa wale wale waliomchukua. Wape kondoo wa pamba na gundi, wape kilima cha udongo. "Mtumwa" lina siku yake, darasa la tatu, la nne, pakiwa na nafasi ya kuuliza na kujibiwa vizuri.

#26 · Mpenda Ubishi
Na mimi nasema ukiwaficha sasa, hiyo siku ya darasa la tatu haiji. Watabaki na kofia maisha yao yote. Angalia watu wazima wanavyoisherehekea.

#27 · Kaole
@Mwalimu sikubaliani sana nawe. Tumaini na wenzake wapo darasani humo humo, watoto weusi kati ya weupe. Siku wakisikia neno mtumwa mara ya kwanza, litakuwa la watu wanaofanana nao tu. Wakianza kwa Patrick, mvulana mweupe aliyetekwa na Waairishi wenyewe, wanajua kwamba hili lilimpata binadamu yeyote.

#28 · Mwalimu wa Vidudu
Hoja yako ina uzito Kaole. Lakini wewe unamfikiria mtoto wa miaka kumi, mimi namfikiria yule anayejikojolea mama akichelewa dakika tano.

#29 · Shangazi Boston
Kwa nyongeza ya Kaole: kisiwa cha Montserrat huko Karibi 17 Machi ni sikukuu ya taifa, na sababu ni mbili pamoja. Walikaa walowezi wa Kiairishi, na mwaka 1768 watumwa wa Kiafrika walipanga kuasi siku hiyo hiyo kwa kuwa mabwana wangekuwa wamelewa. Njama ikavuja, viongozi wakanyongwa. Watu wa kule wanavaa kijani na kuwakumbuka walionyongwa siku moja.

#30 · Kobe Mzee
Hiyo sikuijua. Asante Shangazi.

#31 · Mgeni wa Jumatatu
Samahani naingilia. Patrick si Mwingereza? Nilisoma mahali.

#32 · Dar hadi Dublin
Usilitamke hilo baa ya Dublin saa nne usiku.

#33 · Kobe Mzee
Alizaliwa Uingereza ya Warumi, kabla Waingereza wenyewe hawajashika nchi. Anataja kwao kwa jina, Bannavem Taburniae, na hakuna aliyepapata kwa uhakika. Wa Wales wanasema kwetu. Wa Scotland wanaonyesha upande wa Dumbarton. Wengine wanasema karibu na ukuta wa Hadrian. Hata alipochungia kondoo kuna ubishi: mapokeo yanasema mlima Slemish kaunti ya Antrim, ila yeye mwenyewe anataja msitu wa Foclut karibu na bahari ya magharibi, na huo watu wanauweka Mayo, pembe nyingine kabisa ya kisiwa.

#34 · Mpenda Ubishi
Kila mtu anamtaka akishakuwa mtakatifu. Alipokuwa anachunga kondoo hawakumtafuta.

#35 · Daktari wa Magugu
Sasa nyoka, maana Mama Tumaini ana sahani za karatasi. Watoto wanaambiwa Patrick aliwafukuza wote baharini. Solinus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 3, alishaandika kwamba Ireland haina nyoka. Huyo alimtangulia Patrick. Maelezo ya wataalamu ni kwamba kipindi cha barafu kisiwa kilikuwa baridi mno, barafu ilipoyeyuka bahari ikakata njia kabla nyoka hawajavuka. Mtambaazi wa asili wa nchi kavu ni mmoja tu, mjusi.

Mwambie mwalimu wako atengeneze mjusi wa sahani ya karatasi. Angalau huyo yupo.

#36 · Kaole
Wengine husema nyoka ni fumbo, ni makuhani wa dini ya zamani aliowashinda.

#37 · Daktari wa Magugu
Husemwa. Ila hadithi ya nyoka yenyewe ilishika kasi karne ya 12, waandishi wa maisha ya watakatifu walipokuwa wanashindana kwa miujiza. Fumbo au tangazo la biashara, chagua.

#38 · Likasi Moja
Jambo ba ndugu. Mi niko Liège, lakini kwetu ni Likasi, Katanga. Muzee wetu alikuwa anatuambia Waairishi bo balikuwa huku, askari ba ONU (Umoja wa Mataifa), mwaka 1961, mji ulikuwa unaitwa Jadotville. Balikuwa kama mia moja na hamsini hivi, bakazungukwa, bakapigana mpaka maji na risasi vikaisha. Kamanda wabo alikuwa Pat Quinlan. Naye Patrick! Kwabo kila mutu ni Patrick?

#39 · Dar hadi Dublin
Karibu Likasi. Karibu kila mtu. Wasioitwa Patrick wana mjomba.

#40 · Mteremko wa Keiyo
Huku kwetu ukisema St. Patrick's hakuna mtu anafikiria kofia, ni mbio. Shule ya Iten, Kenya, hiyo, na Brother Colm O'Connell alikuja kufundisha huko 1976, Mwairishi, hakuwa kocha wa riadha hata kidogo. Ndiye amemlea Rudisha wa mita 800, yule wa 1:40.91 London 2012. Sasa Mama Tumaini, ukikosa cha kufanya, wapeleke hao watoto nje wakimbie.

#41 · Kobe Mzee
Na wale mapadri wa Kiairishi wa Kiltegan walioenda Turkana na Kitui, shirika lao lilianzishwa 17 Machi 1932. Huko Kenya kuna watu wazima wamebatizwa Patrick kwa mikono yao.

#42 · Mama Tumaini
Jamani mmenifikisha Turkana na mimi nina meza moja na saa moja. Kukimbia nje nitawapendekezea, mvua ikiruhusu (Mpenda Ubishi kaa kimya).

Nina hili: bendera. Nimewachapia karatasi wapake rangi.

#43 · Dar hadi Dublin
Angalia sana! Kijani upande wa mlingoti, nyeupe katikati, chungwa mwisho. Mtoto akianza na chungwa umepeperusha Côte d'Ivoire. Nimeona dirisha zima la darasa limejaa Côte d'Ivoire na hakuna aliyeshtuka isipokuwa mzazi mmoja wa Abidjan aliyepiga picha kwa furaha.

Kijani ni upande wa Wakatoliki na Wagaeli, chungwa ni Waprotestanti, wafuasi wa mfalme William wa Orange, nyeupe ni amani kati yao. Ilionyeshwa na Thomas Francis Meagher mwaka 1848.

#44 · Mwalimu wa Vidudu
Chapa kifimbo cha mlingoti kwenye karatasi yenyewe, na doa dogo la kijani kwenye kipande cha kwanza. Basi.

#45 · Msuka Mikeka
Mabibi na mabwana, nimesoma yote. Mnapoteza nguvu kwenye kofia wakati Ireland wana kazi ya mikono yao wenyewe, ya kusuka, na ni ya mtakatifu mwingine: Brigid, 1 Februari. Shule nyingi watoto wanasuka msalaba wake kwa majani ya kinamasi, yanakunjwa moja juu ya jingine kuzunguka katikati, ncha nne zinafungwa. Hata televisheni yao ya taifa iliutumia msalaba huo kama nembo tangu ilipoanza miaka ya 60. Na tangu 2023 kuna mapumziko ya kitaifa kwa heshima yake mwanzoni mwa Februari.

Mimi ni wa Lamu, nimezaliwa ndani ya miyaa. Nilipoona picha nilijua mkono unavyokwenda. Kwa wadogo tumia vipande virefu vya karatasi ngumu au zile nyaya zenye manyoya, haziteguki. Wa miaka mitano anaweza mikunjo minane ukimshikia kati.

#46 · Mpenda Ubishi
Februari imeshapita bibi.

#47 · Msuka Mikeka
Na mwakani haiji?

#48 · Kobe Mzee
Brigid ana hadithi nzuri kwa watoto pia. Aliomba mfalme ardhi ya kujenga nyumba ya watawa, mfalme akagoma. Akasema nipe basi kiasi joho langu litakachofunika. Mfalme akacheka, akakubali. Joho likatandikwa likaendelea kutanuka mpaka likafunika nyanda za Curragh, Kildare. Chukueni shuka kubwa, kila mtoto ashike ncha arudi nyuma. Hapo hamhitaji gundi.

#49 · Mama Tumaini
Mzee hiyo ya shuka naiiba hata kama si mwezi wake.

Swali la mwisho: kiongozi anataka tuoke mkate wa soda na watoto. Mimi ni wa chapati na maandazi, huo sijawahi.

#50 · Dar hadi Dublin
Rahisi kuliko chapati. Unga, chumvi, soda ya kuokea, maziwa mgando. Hakuna hamira, hakuna kusubiri uumuke. Ngano ya huku ni laini, haipendi hamira sana, ndio maana mkate huu ulishika karne ya 19.

#51 · Mwalimu wa Vidudu
Kabla ya mkate tengenezeni siagi. Krimu ndani ya chupa yenye mfuniko, nusu tu isijae, watoto wanapokezana kutikisa huku wanaimba. Inakuwa nzito, wanakata tamaa, halafu ghafla bonge linajitenga na maji. Bibi zetu walisukasuka kwenye kibuyu, ni kitu kile kile. Uliza kwanza nani ana mzio wa maziwa.

#52 · Mgeni wa Jumatatu
Na yale maji yanayobaki ndiyo unamimina kwenye mkate?

#53 · Daktari wa Magugu
Si yenyewe tu. Krimu ya dukani haijachacha, kwa hiyo maji yake hayana ukali, na soda bila ukali haifanyi kitu, mkate unakuwa tofali. Kamulia ndimu, au tumia mtindi.

#54 · Mteremko wa Keiyo
Maziwa lala basi. Na magadi?

#55 · Daktari wa Magugu
Magadi ya mawe hapana, hayo ya kulainishia maharage ni makali zaidi na yana ladha yake. Chukua soda ya paketi.

#56 · Kaole
Nimeona juu ya huo mkate wanachora msalaba kwa kisu. Ni wa Patrick au wa Brigid?

#57 · Kobe Mzee
Wa kubariki mkate.

#58 · Dar hadi Dublin
Mama mkwe anasema ni kuwatoa vibwengo.

#59 · Mwalimu wa Vidudu
Ni moto ufike katikati. Ni mnene ule, bila kuchanjwa unabaki mbichi ndani.

#60 · Msuka Mikeka
Au ni kuugawa vipande vinne bila kugombana. Mmewahi kulisha watoto wenye njaa?

#61 · Mpenda Ubishi
Vibwengo. Nimeshapiga kura.

#62 · Mgeni wa Jumatatu
Unga wetu wa chapati unafaa? Nataka kujaribu Jumamosi.

#63 · Dar hadi Dublin
Unafaa. Usiukande tu kama chapati, changanya ushikane, peleka jikoni.